Kuku wa mama mkwe

Mektilda, nimeaibika huku Goweko.

Mama mkwe kanichinjia kuku. Tangu nipunguzwe tumbo kwa upasuaji ili nikonde, nyama inanitia kinyaa, lakini daktari anataka nile protini, nywele zinanyonyoka. Nikajilazimisha.

Kipande kimoja tu. Ngozi ikateleza mdomoni kama kamasi, mafuta yakaganda kwenye meno. Nikatapika kwenye beseni la kunawia, mbele ya wakwe wote. La kunawia, Mek.

Nikakimbilia nyuma ya nyumba. Mama mkwe akanifuata, akauliza taratibu, "Ni mimba?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilifanyiwa upasuaji na niliwaficha wote.

Akaenda, akarudi na kikombe cha maziwa mgando.

"Kunywa kidogo kidogo. Huko ndani nitasema ni malaria."