Kibla cha Fundi Swaibu

Kwa Mrombo, Arusha
9 Aprili 2025

Mjukuu wangu Sauda,

Assalaam alaykum. Natumai ulifika Dar salama na masomo yameanza. Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto limeanza tena na mvua hizi. Naandika kwa sababu simu siisikii vizuri, na jambo lenyewe si la kupigiana kelele.

Jana kwenye kahawa, katibu wa msikiti alisema mbele ya watu kwamba mjukuu wa Fundi Swaibu amepima msikiti kwa mashine, akakuta kibla kimepinda. Watu wakacheka. Nikaweka kikombe chini, nikaenda zangu.

Mke wangu, msikiti ule niliujenga mimi, mwaka 1994. Kamba ya msingi niliinyoosha mwenyewe kuelekea kilele cha Meru, kama wazee walivyotuonyesha. Miaka thelathini na moja watu wanaswali pale. Bibi yako aliswaliwa pale. Leo wewe, niliyekubeba mgongoni, unamwambia katibu kabla yangu? Chuo kimekufundisha kupima ardhi tu, adabu kimeniachia mimi?

Babu yako,
Fundi Swaibu


Dar es Salaam
21 Aprili 2025

Babu yangu mpendwa,

Waalaykumu salaam warahmatullah. Shikamoo. Pole na goti, nakutumia dawa ya kuchua pamoja na barua hii.

Nimekosa, Babu. Siku ile ya pili ya Idi nilikuwa najifunza kutumia kifaa cha chuo kinachosoma setilaiti. Katibu akauliza nimeona nini, mdomo ukanitangulia. Ilinipasa nije kwako kwanza. Niliogopa uso wako, nikapanda basi kimya. Nisamehe.

Lakini kipimo siwezi kukifuta. Kibla chetu kimekwenda kulia digrii kumi na nne. Ujenzi wako hauna kasoro, kuta zako zimenyooka kuliko za wahandisi wengi wa huku. Tatizo ni mlima. Meru iko karibu, ukihama mtaa unaiona imekaa kwingine. Makka iko mbali, kuhama mtaa hakuigusi. Na swala zilizopita usizihofie. Kibla kilipobadilishwa zama za Mtume, Masahaba waligeuka wakiwa ndani ya swala, na hawakuambiwa warudie za nyuma.

Usiniamini mimi wala mashine. Tarehe 28 Mei, saa sita na dakika kumi na nane mchana, jua litakuwa juu ya Kaaba kabisa. Ning'iniza timazi yako uani, kivuli cha uzi kitalala kwenye mstari wa kibla. Wanazuoni wetu waliijua hesabu hiyo karne nyingi kabla ya setilaiti.

Mjukuu wako,
Sauda


Kwa Mrombo
29 Mei 2025

Sauda,

Assalaam alaykum. Dawa niliipata, goti limepoa kidogo.

Jana nilining'iniza timazi uani tangu saa tano na nusu. Nilikuwa peke yangu, sikutaka mashahidi. Unaijua Mei ya huku. Wingu lilishuka mpaka karibu na mapaa, Meru yenyewe haikuonekana. Nilikaa juu ya ndoo hadi saa saba. Nikajisemea, Mungu amenisitiri. Nilifurahi, sikufichi.

Lakini tangu jana kila nikifunga swala naona kama unaninyooshea kidole kushoto. Umeniharibia raha. Na mwezi wa nane kamati inaagiza zulia jipya la mistari, na mistari itafuata ukuta wangu. Likishatandikwa hakuna atakayelitoa nikiwa hai.

Jua litarudi lini juu ya Kaaba? Niandikie tarehe na dakika.

Babu yako


Dar es Salaam
6 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Mimi mzima, nipo kwenye mitihani. Ni tarehe 16 Julai, saa sita na dakika ishirini na saba. Rekebisha saa yako kwa redio. Umeuliza mwenyewe, Babu, na nimetembea kifua mbele siku nzima.

Mjukuu wako,
Sauda


Kwa Mrombo
17 Julai 2025

Mjukuu wangu,

Assalaam alaykum. Sote wazima, baridi tu inatukamua.

Safari hii sikukaa peke yangu. Niliwaita imamu, katibu na wote waliocheka, tukakutana uani mwa msikiti. Jirani yangu Loishiye, yule Mlutheri aliyenikorogea zege tulipojenga, alikuja pia, akasema kamba ya kwanza tuliishika wawili na hii hawezi kuikosa. Wingu lilitanda tangu asubuhi. Dakika chache kabla ya saa yako likaachia, kivuli cha uzi kikalala sakafuni. Ilipogonga dakika ya ishirini na saba nikapiga mstari wa chokaa juu yake, kisha tukanyoosha kamba kufuata ukuta wangu. Havikukubaliana. Nilipima mara tatu, Sauda, natafuta kosa lako. Sikulipata.

Nikasimama nikasema, "Msikiti huu niliuelekeza mimi, na nilikosea. Aliyeona ni Sauda, mjukuu wangu, anayesomea upimaji." Hakuna aliyecheka. Adhuhuri tuliuhamishia mstari ndani, tukaswali kwa kufuata chokaa, safu zimekaa mshazari, bega langu linagusa ukuta wangu mwenyewe. Nililia kwenye sijda. Niliomba miaka yote pale uje unipite, na nimejibiwa, hata kama nilikuwa nimetazama pembeni. Zulia litafuata mstari wako.

Sasa nisikilize. Kuna msikiti mdogo Elerai niliujenga mwaka 2001, na mwingine Sokon I. Kote nilifuata kilele kilekile, na hakuna anayejua ila mimi. Ukiwa Elerai mlima umekaa kulia zaidi, kwa hiyo naogopa kosa la huko ni kubwa kuliko la huku. Jana alasiri nilikwenda kwa wazee wao, nikawaambia kwa mdomo wangu. Wakauliza nani atapima. Nimewajibu kwamba mpimaji anakuja likizo ya Septemba, ni binti wa ukoo wetu, na fundi aliyekosea ndiye atakayemshikia kamba.

Babu yako,
Fundi Swaibu