Ombi la Kutumia Kigoda Chako

Mama yangu mpendwa,

Kwa heshima na unyenyekevu, mimi mwanao, mwandishi wa barua za maombi na rufaa hapa Kibondo mjini, ninajitokeza mbele yako kwa maandishi, kwa kuwa njia nyingine sinayo tena. Ninahitaji ridhaa yako juu ya kigoda chako.

Tangu tulipokuzika Kitahana, hakuna aliyethubutu kukikalia. Kipo kando ya mlango wa ofisi yangu, pale pale ulipokuwa ukichambua maharage huku ukinitazama. Taipureta nimeiweka kando. Ninatumia ile kompyuta mpakato, ambayo ni nyepesi kuibeba, lakini kioo chake kiko chini mno, humlazimisha mtu kuinama. Uliiona mwenyewe. Ulisema, "Karani, unaandika au unanusa?" Wateja wakacheka. Nami nikacheka, nikaendelea kunusa.

Mama, shingo imeniwia nzito. Maumivu huanzia kisogoni, hushukia bega la kulia, na ifikapo alasiri vidole viwili hufa ganzi. Nilishindwa kumaliza rufaa ya shamba la mjane mmoja, na muda wake wa kuiwasilisha unakwisha. Ndipo nilipokwenda Kasulu kwa mtaalamu wa viungo, binti ambaye ningeweza kumzaa. Akaniambia, "Baba, kichwa chako ni mzigo. Ukikiinamisha, shingo ndiyo inayoteseka." Akaniagiza nikiinue kioo hadi usawa wa macho, ninunue kibodi ya kando ili viwiko vikae karibu na mbavu, niyalegeze mabega, na kila nusu saa ninyanyuke nitembee. Alipokuwa akisema hayo nilikuona wewe ukipanda mlima na kikapu cha mihogo kichwani, shingo wima, ukinisemesha bila kugeuka.

Lipo jambo ambalo yeye sikumweleza. Kila ninapoinama kwa muda mrefu, kidole hunigusa kisogoni. Kimoja. Cha baridi, chenye sugu. Hugusa mahali pale pale ulipokuwa ukinionyesha katika mwaka wako wa mwisho, ukiniita mwanao kwa Kiha chetu: "Hapa, mwana wanje. Hapa panawaka." Nami, niliyewaandikia wagonjwa wa kila kata barua za kuomba matibabu, nilikujibu bila kuinua macho: "Ni uzee huo, Mama."

Bila kuinua macho, Mama.

Kwa sababu hiyo nilichelewa kutekeleza maagizo. Kibodi ilikaa ndani ya boksi lake wiki tatu. Niliogopa kwamba shingo ikipona, hutakuja tena.

Juzi mjane yule alirudi. Alikaa kwenye benchi, akanitazama ninavyovikunja na kuvikunjua vidole, kisha akasema kwa upole, "Pole, Karani. Basi nikatafute mwingine?" Nilinyanyuka, nikakichukua kigoda chako, nikakipangusa vumbi, nikakiweka juu ya meza, na kompyuta juu yake, kisha nikaitoa kibodi ndani ya boksi. Kioo kikafika usawa wa macho yangu, kana kwamba seremala alinipima. Nikakaa wima. Kufikia adhuhuri rufaa ilikuwa imekamilika, na mjane akaondoka nayo mkononi.

Hukuja. Nilisubiri hadi jua likazama.

Ninatambua kuwa ridhaa huombwa kabla ya kitendo. Kwa kosa hilo la utaratibu ninaomba uniwie radhi. Na kwa lile kosa jingine, kubwa zaidi, sijapata maneno yanayostahili, ingawa maneno ndiyo kazi yangu.

Ninaahidi haya: mtu yeyote akinionyesha mahali panapomuuma, nitaacha kuandika, nitamgeukia kwa mwili wangu wote, nitamtazama.

Pumzika, Mama. Kigoda nitakitumia mchana tu. Kila jioni nitakirudisha mlangoni, endapo utapenda kukaa.

Mwanao mtiifu,
Karani