Komeo la Ndani

Jumatatu, 4 Machi

Kafungua tena! Kufuli jipya, nimelifunga getini jana kwa mkono wangu, na leo nimemkuta kasimama barabarani na gauni la kulalia. Kufuli mkononi, pini ya nywele katikati ya meno. Akaniangalia kama mteja. Hili la kuchekea, akasema, aliyekuuzia kakuona mjinga.

Nikacheka. Nilipomaliza kucheka nikajikuta nalia, pale pale getini, magari yanapita.

Nitamlaumu nani? Miaka yote ile tulikaa dukani pamoja — mimi chini nahangaika na vitasa, mke wangu kaunta. Wateja wakamwita Bosi, jina likamkaa, nami nikalichukua. Bisibisi alinipa kabla sijanyoosha mkono. Sasa jina langu limempotea, siku hazijui, chumba cha kulala anakitafuta jikoni. Kufuli tu ndilo halimsumbui.

Jioni binti yetu kapiga simu. Kashaambiwa, habari haina miguu lakini inafika. Kasema mama akitoka tena peke yake, anakuja kumchukua akakae naye huko kwake. Baba huwezi, kasema, kwa upole. Nikajibu naweza. Sijui nilikuwa namwambia nani.

Jumanne, 5 Machi

Asubuhi nzima anapangusa meza. Kwa kiganja. Anapangusa, anainama, anachungulia chini ya kitambaa, anapangusa tena. Makombo hakuna. Nikamwambia meza safi, Bosi, kaa unywe chai. Akakaa. Akainuka. Akapangusa.

Mwisho nikapandwa na hasira nikamshika mkono. Akanywea. Sikupenda nilivyomshika.

Nimeng'oa vile vishikio vya kuwashia jiko la gesi. Natembea navyo mfukoni, vinagongana kila nikipiga hatua.

Ijumaa, 8 Machi

Hataki kuoga. Yaani — hataki kuogeshwa na mimi.

Maji nimepasha, taulo nimetandika, stuli nimeweka asiteleze. Namsogelea nimsaidie kuvua gauni, kalikumbatia kwa mikono miwili. "Mimi mke wa mtu," kasema. "Mume wangu akirudi akakukuta humu, utatokea dirisha gani?"

Dirisha lenyewe la bafuni, paka akipita anapita kwa ubavu.

Nikamwambia mumeo ni mimi. Akanitazama kwa huruma. Kwa huruma! Mume wake hana mvi, kasema.

Nikaenda kumwita mshonaji, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mama huyu Mungu ampe maisha. Akaingia naye, nikasikia maji, nikasikia wanacheka. Mimi kwenye korido na taulo la pili, mwenye nyumba nimegeuka mpangaji. Bosi alikuwa anamsimulia habari za mumewe: ana maneno mengi lakini mkono wake mwepesi, na akiweka sukari kwenye chai utadhani anapanda mbegu. Akiwa safarini, mimi silali vizuri, kasema. Miaka yote hiyo hajawahi kuniambia.

Namwonea wivu yule mume. Niandike tu ukweli, hakuna anayesoma.

Jumapili, 10 Machi

Siku nzuri! Niandike haraka kabla haijaharibika.

Kaamka, kaniita kwa jina. Kauliza kwa nini nimekonda. Tumekaa ukumbini, jua limeingia mpaka kwenye zulia, na kamkumbuka yule mwizi wa drili. Sijui kamtoa wapi. Tulikuwa tumeoana juzi juzi tu. Nimetoka kwenda kutengeneza mlango wa mtu, akaja kijana nadhifu, shati limenyooka: fundi kanituma nichukue drili. Bosi akampa, na msumeno akamwongezea! Mpaka leo hajarudi.

Tangu siku hiyo tukapatana. Kila asubuhi, kabla sijatoka, naacha kitu mezani. Skrubu, kifungo cha shati, punje ya haragwe, peremende. Kitu chochote, lakini kila siku kingine. Anayesema fundi kanituma, anaulizwa: asubuhi kaacha nini mezani? Akikosa, mlango haufunguliwi. Hata mimi mwenyewe sikusamehewa. Kuna siku nilirudi na njaa inaniuma, nimesahau kabisa nilichoacha, akaniweka nje hadi nilipokumbuka kuwa ni mbegu ya chungwa. Watoto walikuwa wanashangilia dirishani. Mwizi hakuja tena lakini mchezo ukabaki.

Leo tumecheka nayo mpaka kashika mbavu. Halafu katikati ya kicheko kanitazama, kauliza kama nimekuja kuchukua kufuli langu.

Jumatano, 13 Machi

Katoka. Niliingia chooni. Chooni tu!

Nimezunguka mtaa mzima nikimtafuta, roho mkononi. Nimemkuta kwenye duka letu la zamani, siku hizi wanauza simu. Kaingia ndani ya kaunta, kamwambia muuzaji asogee, kiti ni cha kwake. Muuzaji kasogea. Kamletea na maji. Nilimshukuru nikashindwa kumaliza sentensi.

Halafu usiku kajifungia bafuni kwa komeo, nikabembeleza mlangoni mpaka sauti ikakauka. Nimeng'oa makomeo yote ya ndani, nimeyatia kwenye kopo na skrubu zake, kopo nimeliweka juu ya kabati.

Nimemwambia binti mimi mwenyewe, kabla hajaambiwa. Anakuja Jumamosi. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Alhamisi, 14 Machi

Shuka mara tatu. Sijalala. Mtu akiniuliza habari, nasema nzuri.

Ijumaa, 15 Machi

Nimefagia, nimefua, nimembana mshonaji amsuke nywele. Binti akute nyumba ni nyumba. Nataka aone mama yake ni msafi, ameshiba, geti linafungwa. Basi. Sina hoja nyingine. Wakimchukua atapangusa meza ya watu asiowajua, na hakuna atakayejua anaitwa Bosi.

Lakini na mimi — nikisema naweza, naweza nini? Leo kanikunja shati akitaka nimwambie nimemficha wapi mumewe. Nikamwambia anakuja. Akanisindikiza mpaka mlangoni nikamwite.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nje, kwenye ngazi ya mlango wangu mwenyewe. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wa kazi, na mkoba ninao. Nisipoandika nitapiga mlango teke.

Ilikuwa hivi. Baada ya chai nikatoka getini kubadilisha kufuli, niweke lile zito lisiloingia pini, binti alikute. Bosi nimemwacha mezani, ametulia, nywele zimependeza. Kazi ndogo. Nikawa namwona kupitia dirishani kila nikiinua kichwa, halafu skrubu moja ikanisumbua, sikuinua kichwa kwa muda. Narudi — mlango hausogei. Kitasa kinazunguka, mlango hausogei.

Nikaenda dirishani. Komeo! Lile kubwa la shaba la mlango wa mbele, kalitoa kwenye kopo juu ya kabati. Stuli ya bafuni iko pale chini, kapandia hiyo. Kalifunga mlangoni, skrubu nne, limenyooka. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa duka.

Kitasa cha aina yoyote duniani nitakifungua. Komeo la ndani halina tundu. Ni mimi niliyekuwa nawaambia wateja hivyo, weka komeo mama ulale usingizi, hata mimi hapo siingii.

Nikagonga. Kauliza nani. Nikasema mimi. Mimi nani? Mumeo. Nikasikia anaburuta kiti anakiegemeza mlangoni. Nikatoa patasi, nikaanza kwenye bawaba, pole pole. Akapiga yowe la mwizi, yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake, na dirishani nikamwona kajibanza ukutani, nyundo mkononi. Nikarudisha patasi mkobani. Nikiuvunja huu mlango atakufa kwa hofu, na atakufa akijua ni mimi mwizi.

Mshonaji kaja, nikamfungulia geti, kajaribu. Bosi kamwonya kwa dirisha: jirani, usimsogelee huyo mzee, huko kwake wanamtafuta. Mshonaji kacheka, halafu kajifuta macho. Mganga hajigangi, kaniambia, subiri binti afike. Kaniletea chai. Sukari kaweka kidogo.

Binti kapiga simu. Kashashuka, anatembea. Nikamwambia njoo taratibu, mwanangu, hamna haraka.

Nikarudi mlangoni. Nikaongea kwa sauti ya chini, ile ya dukani. Bosi, nimesema, fungua, nimerudi. Kiti kikasogea kidogo. Halafu kauliza, si kwa hofu, sauti yake kabisa, sauti ya msichana yule:

"Asubuhi umeacha nini mezani?"

Moyo wangu! Anajua. Anauliza lile swali, kwa hiyo kuna mlango bado!

Skrubu, nikajibu. Nikamwona kupitia dirishani anaenda mezani. Anapangusa kwa kiganja. Anainua kitambaa. Anachungulia chini.

Hakuna, kasema.

Kifungo, nikasema. Akatafuta tena. Kwa makini, kama kila asubuhi. Nimekaa nikamtazama anatafuta, na hapo ndipo ikaniingia. Kila asubuhi. Na mimi namwambia meza safi. Mimi nimemshika mkono.

Tangu aanze kuumwa sijaacha kitu. Si kwa kusudi. Ilikuwa dawa, ilikuwa shuka, ilikuwa uji, na sitoki tena kwenda kwenye milango ya watu. Nani angekumbuka punje ya haragwe.

Akarudi mlangoni. Kaongea bila ukali, kama anavyomwambia mteja kwamba kazi yake haijawa tayari. "Baba, wewe si wa humu. Mume wangu hatoki bila kuacha kitu."

Mfukoni nina vile vishikio viwili vya jiko. Nondo za dirisha zinapitisha mkono hadi kiwiko, meza iko mbele zaidi. Nimejaribu kurusha kimoja kitue mezani. Kimeangukia zulia, kimebingirika chini ya kiti, hakukiona. Kimebaki kingine kimoja.

Binti yuko getini. Anahangaika na kufuli langu jipya, zuri, haliingii pini, na ufunguo ninao mimi. Ananiita. Na huku ndani, nyuma ya mlango, Bosi anauliza tena.