Ufa Tuliouziba Juu ya Nyumba Yako

Mwaitu, mama yangu,

Naogopa. Naanza na hilo maana wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Tangu mlima uporomoke mvua iliyopita ukakuchukua wewe na jiko lako, sina amani. Yakigusa mabati matone mawili tu, nawashika watoto nakimbilia kanisani. Majirani wananicheka.

Siku tuliyokuzika, chifu alisimama mbele ya watu akasema serikali itatuhamisha, familia zote za upande huu, kabla mvua haijarudi. Wataalamu wangekuja kwanza kuupima ufa uliobaki juu ya nyumba, ule ambamo mkono wangu ulizama hadi kwapani. Tulingoja, wapi! Ndipo tukafanya ujinga wetu.

Unaukumbuka mwethya wako? Kina mama wa kila Alhamisi, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule, mnachimba matuta mkiimba, na mimi nyuma na sufuria ya uji. Mtu akisema tungojee serikali, ulikuwa unamjibu, "Ngoja basi, mpaka ung'oke meno." Tulivyokuwa tunacheka! Sasa nasi tukafanya vile ungefanya. Tulibeba udongo kwa karai, tukaujaza ufa, tukaushindilia kwa miguu, tukapanda nyasi juu. Palipendeza, mama. Ungetusifu.

Wiki jana wataalamu wakafika.

"Sasa ufa uko wapi?"

"Tuliuziba, mvua isiingie."

Mkubwa wao alitazama nyasi, akaandika. "Hapa naona pako sawa. Ukifunguka tena, mtupigie."

Ukifunguka tena! Nani atakuwa amebaki wa kupiga simu?

Jana mwenyekiti wetu wa mwethya alisema tuufukue waone. Wengine walikuwa tayari wameshika majembe. Lakini tukiufukua maji yataingia, na mawingu yametanda hapa Mbooni tangu Jumapili. Nikasema neno ambalo labda lingekukasirisha: hii si kazi ya mwethya. Matuta tunaweza. Kutoa familia mlimani na kuzipa ardhi salama hatuwezi, hata tuwe na majembe mangapi. Hiyo ni kazi ya serikali, na safari hii hatuifanyi kwa niaba yake.

Kwa hivyo Alhamisi hatuendi kwa shamba la mtu. Tunateremka hadi ofisi ya kaunti, sisi na watoto na magodoro, tukae hapo mpaka watuonyeshe pa kwenda. Kaburi lako linabaki chini ya mlima huu, na hilo linaniuma sana. Askari nao nawaogopa. Lakini mtoto wangu mdogo ameanza kulala na viatu, mama, na hakuna aliyemwambia.

Pumzika, mwaitu. Sisi tunatoka.

Kitinda mimba wako