Mukono wa Shefu

Plamedie, jirani yetu mama Ngalula wa parcelle ya pembeni anasema kaka yako Yannick anafichaka barebelle mu nyumba yetu. Barebelle, baasi benyewe!!

Eti alisikia kwa ukuta Yannick na rafiki yake Muhindo, wa Kivu, banasemezana: "Shefu akigeuka kamyo, hakuna muntu atamujua." Na vile tangu vita ya Kivu bantu ba kule banaangaliwa mubaya, akakimbia kuita basoda.

Bakakuya na bunduki. Mukubwa wabo, adjudant, anauliza: "Shefu iko wapi?" Yannick anavuta karto chini ya kitanda, anamutosha Shefu inje.

Ile roboti yake ya plastiki ya utoto, yenye inageukaka kamyo, lori. Ma chère, bwana yangu, baba muzima wa batoto!

Adjudant akaweka bunduki chini. "Weee! Mi nilikuwaka na ndugu yake, ule wa rouge, mwekundu!" Akaikala chini, akakunja miguu ya Shefu, akakunja kichwa. Kamyo ikakataa.

"Siyo vile, mon adjudant. Unaanzia ku mabega," Yannick anamuambia. Mwenye kufungwa njo anafundisha!

Mama Ngalula ku mulango: "Mumufunge basi!"
Adjudant: "Maman, ngoja, tuko mu kazi."

Kisha adjudant akaona mukono moja ya Shefu haiko. Uso ikabadilika. "Kesho narudia. Nikute Shefu kamili, ao nakubeba weye mu nafasi yake." Hakucheka, Plamedie. Hakucheka hata kidogo.

Ule mukono ulibebaka siku ya ndoa yako, eti souvenir, ukumbusho wa kaka. Uko nao? Ulete leo.

Naona ku simu ulishasoma.

Plamedie?