Cheni Hukazwa Mtu Akiwa Amekaa

Mpendwa Mumo,

Habari za Nakuru? Sisi huku Kalama hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama jike, na kikohozi cha mama yako kimeisha.

Umeniuliza babu yako alikazaje cheni mpya kwenye ile pikipiki aliyojiundia. Mara ya kwanza aliikaza bila mtu juu, ikawa kama kamba ya kuanika nguo. Nilipopanda nyuma na kiondo changu cha maharagwe, pikipiki ilididimia na cheni ikazidi kuvutika. Ilikatika mlimani, tukienda soko la Masii. Tuliisukuma hadi nyumbani.

Tangu siku hiyo hakukaza cheni bila kuniita. "Mwende, njoo ukae!" Natoka shambani na matope yangu, nakaa, naye anainua cheni kwa kidole mpaka aone imelegea kidogo. Nilikuwa nalalamika kila mara, eti ananipotezea wakati.

Kwa hivyo usiikaze peke yako, mjukuu wangu. Tafuta mtu aikalie pikipiki. Ama uilete nyumbani. Nimekonda, lakini nafikiri bado natosha, na tangu tumzike babu yako hakuna mtu ameniita nikae.

Nyanya yako,
Mwende