Mgeni Aliyeuliza Jina la Kukhu

Bergen, Norwe
Mwezi wa tano

Dada yangu Nekesa,

Mulembe, na mulembe tena kwa niaba ya wale ambao hawapo tena kukusalimu. Keti kwanza. Najua wewe husoma barua umesimama mlangoni, jicho moja kwenye karatasi na lingine kwenye sufuria. Hii iketie. Presha inasemaje? Ile miwani aliyokununulia binti yako Naliaka unaivaa, au bado inalala ndani ya Biblia? Mahindi yametoka vizuri, au mvua imewachezea kama mwaka jana?

Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na huo ni wa umri. Mlinipa jina la mvua, Wafula, na mvua imenifuata hadi huku kaskazini. Ila hii ya huku haioteshi kitu. Inanyesha juu ya mawe na mapaa, inateremka baharini, basi. Mwezi wa tatu, mnapopanda huko Kamukuywa, mkono wangu bado hutafuta jembe. Sijui utaacha lini.

Barua hii imekuja mikononi mwa mke wa mchungaji wenu, aliyekuwa safarini huku, kwa sababu nzuri. Sikuitia posta, wala sikukupigia simu. Ukimaliza kuisoma, iweke motoni, chini ya sufuria hiyo hiyo.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu hasa ni nini, nami nimekujibu kwa mzaha kwamba naandika habari za wezi wavivu. Leo nitakujibu sawasawa. Siku hizi mambo ya watu yamo ndani ya kompyuta: barua zao, siri zao, hata mashamba yao. Wapo wezi wanaoingia humo bila kuvunja mlango. Kazi yangu ni kuwafuata hatua kwa hatua mpaka nijue walipitia wapi, kisha niandike gazetini ili wengine wafunge mahali hapo. Nimeifanya kazi hii tangu nifike huku, na nimeandika juu ya mabenki na viwanda ambavyo sitaviona maishani. Sikutegemea kwamba ingenirudisha Kitale.

Kitale kuna saiba moja, lile duka la intaneti ambako watu hulipia dakika za kusoma barua zao. Sitaitaja jina. Mwenyewe alitega katika kila kompyuta kitu kinachonakili kila herufi mteja anayogonga. Mtu akiketi pale kumwandikia nduguye aliye ng'ambo, "Tumepata shamba, mwenyewe anauza, tuma wakili wiki ijayo," mwenye saiba anasoma yote. Wiki ijayo wakili akifika, shamba lina mtu mwingine. Wewe na mimi tunajua shamba ni nini. Tulifukuzwa kwenye letu pale juu ya Kitale tukiwa na nguo tulizovaa na cherehani ya mama.

Aliyenifungulia jambo hili ni mwanamke mmoja, mjane, aliyekuwa akiwafundisha makarani kutumia kompyuta katika saiba hiyo. Tumwite Mwalimu. Aligundua mtego, akanakili ushahidi kwenye diski, akaniandikia kwa barua pepe kwa sababu alikuwa amesoma makala zangu. Tuliandikiana miezi kadhaa. Kila barua nilianza kwa kuuliza goti lake, kwa maana aliwahi kuanguka ngazini na goti halikupona vizuri, naye alianza kwa kuniuliza mvua. Baada ya hapo ndipo tulipoingia kazini.

Wiki tatu zilizopita niliketi asubuhi kufungua barua zangu, na neno langu la siri likakataliwa. Nikaligonga tena, pole pole, nikidhani ni vidole. Likakataliwa. Hapo nikaelewa, kwa sababu nimewaandikia watu wengi juu ya asubuhi ya namna hiyo.

Sasa nikueleze jambo moja, na usiogope, ni rahisi. Ukisahau neno lako la siri, kompyuta hukuuliza swali ulilolichagua mwenyewe siku ya kwanza. Ukijibu sawasawa, inakuruhusu kuweka neno jipya na kuingia. Swali nililochagua mimi lilikuwa hili: nyanya mzaa mama yako aliitwa nani? Nilipolichagua niliona nimefanya busara. Nani hapa Bergen anamjua Kukhu Khalayi? Sasa naliandika jina lake waziwazi, maana halilindi kitu tena.

Nilijibu swali hilo nikaingia. Kati ya barua zilizotumwa nikakuta moja ambayo sikuiandika. Imekwenda kwa Mwalimu, kwa jina langu. Ilisema: "Lete diski Kiminini, steji ya matatu, Jumamosi saa nane. Mtu wangu ataichukua." Jumamosi hiyo ilikuwa jana yake.

Dada, nimekimbia moto, nimelala msituni, lakini sijawahi kuogopa kama nilipotafuta namba ya simu ya yule mama.

Alipokea akitafuna kitu.

"Mwalimu, ulikwenda Kiminini?"

"Nikafuate nini, mzee?"

"Ile barua—"

"Ile haikuwa yako."

"Ulijuaje?"

"Mzee, ilianza na 'Lete diski.' Wewe hata nyumba ikiwaka moto utaniuliza goti kwanza. Mimi nikasema, huyu ama si yeye, ama amekufa na mtu anatumia simu yake."

"Kompyuta."

"Hiyo hiyo. Na usicheke, si mambo ya kucheka. Shemeji yangu anachoma mahindi pale stejini. Amesema kulikuwa na wanaume wawili ndani ya pikapu, wakakaa mpaka watu wakafunga vibanda. Hawakununua hata hindi moja."

Sikuwa nikicheka. Nilikuwa nimeshika meza.

Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Lakini barua zangu wamezisoma zote, si ndiyo?"

Nikamwambia ndiyo. Jina lake limo, na nyumba anayopanga imo. Jumatatu alifukuzwa kazi bila neno. Jumanne mtu alipita kwa mwenye nyumba wake kuuliza anatoka wapi, watu wake ni akina nani. Tangu hapo analala kwa jirani.

Usiku na mchana nilijiuliza walimpata wapi Kukhu. Kitabuni hayumo, gazetini hayumo. Alikufa kabla hatujawa hata na redio. Kisha nikakumbuka Pasaka uliponipigia simu ukiwa na furaha.

"Wafula, leo nimepata mgeni," ulisema. "Ati anatoka upande wa Kimilili, kaka yake anataka kuoa msichana wa kwetu."

"Msichana gani?"

"Si hata sikuuliza vizuri! Alikuja na sukari na mkate, akaniita mama, akakaa kwenye kile kigoda. Vijana wa siku hizi wanajua kukaa kigoda? Nikamchinjia jogoo."

"Yule mwekundu?"

"Huyo huyo. Bana, adabu ni adabu."

"Na alitaka nini?"

"Kile kila mtu anataka. Ukoo wa baba, ukoo wa mama, wa nyanya huyu na wa nyanya yule, kaka yake asije akaoa dada yake wa ukoo. Nikampangia wote. Tulipofika kwa Kukhu Khalayi akaniuliza mara mbili jina linaandikwaje. Nikasema, kumbe bado kuna vijana wanaoheshimu wafu!"

Nami nilicheka pamoja nawe, Nekesa. Kumbuka hilo. Mimi ninayelipwa kwa kunusa wezi nilicheka, nikauliza kama jogoo alikuwa mnono.

Nakuomba usijiumize kwa jambo hili. Nakujua, utaacha kula, halafu presha ipande. Hukutoa siri. Ulifanya kile mama alichokufundisha: mgeni akija kuulizia ukoo kwa ajili ya ndoa, anajibiwa, kwa maana kumficha ni kumtakia mabaya. Kosa lilikuwa kulifanya jina la nyanya kuwa kufuli. Waliotunga maswali yale wanaishi mahali kama hapa. Jirani yangu hapa ghorofani tumepishana ngazini miaka mingi. Mbwa wake namjua kwa jina. Yeye mwenyewe simjui, sembuse mama yake. Kwa watu wa namna hiyo, jina la nyanya kweli ni siri. Kwetu ni kitu cha kwanza mtu anachokupa baada ya maji ya kunywa. Yule kijana alilijua hilo, na ndiyo maana nasema ni wa kwetu. Mzungu asingejua kuja na sukari.

Hili ndilo linaloniuma. Ile siku tuliyofukuzwa kule juu pia, waliokuja na mienge walituita kwa majina. Walijua nyumba ipi ni ya nani, na mama yake nani alitoka wapi, kwa sababu walikuwa wamekula kwetu. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo nikitafuta neno la kueleza jambo hilo, na sijalipata. Najua tu kwamba salamu ni mlango, na kwamba mlango huohuo ndio uliomwokoa Mwalimu. Mwizi alijua kutumia salamu kwako. Alipoandika kwa jina langu akaisahau.

Mhariri wangu hapa ananihimiza kila siku. Ushahidi upo, anasema, tuchapishe kabla hawajang'oa ile mitego. Nimemwambia habari itangoja. Sitaandika hata mstari mmoja mpaka nijue yule mama amelala mahali salama. Na hapo ndipo ninapokuhitaji, kwa jambo ambalo hujawahi kulifanya maisha yako yote.

Siku yako ya kliniki ya mwezi wa sita, pale Lugulu, Mwalimu atakuwa kwenye benchi la wagonjwa. Usimpeleke Kamukuywa, kwako wanapajua. Mpeleke kwa Naliaka, kwenye nyumba za wauguzi ndani ya misheni, ambako kuna lango na mlinzi. Atakaa hapo mpaka makala itoke na polisi wa Nairobi wapokee diski, kwa maana wale wa karibu siwaamini. Naliaka mwambie kwa mdomo tu.

Sasa sikiliza. Usimuulize ni binti wa nani. Usimuulize ukoo, wala mama yake alitoka wapi, wala aliolewa wapi. Najua ninachokuomba. Najua ni sawa na kukuomba umkaribishe mgeni bila kumpa kiti. Lakini usipokijua kitu, hakuna kijana mwenye sukari atakayekitoa kwako. Na lile benchi nalijua. Kabla dawa haijatolewa, wale akina mama watakuwa wamefika kizazi chake cha nne. Kaa karibu naye, uongee wewe. Waeleze habari ya mbuzi wako, ya presha yako, ya ndugu yako aliyepotelea kwenye mvua. Kuongea unajua. Naye usimnyime kitu: mpe chai ya maziwa, mpe blanketi zito, na mwache aseme anachotaka yeye mwenyewe.

Yule kijana akirudi Kamukuywa, mpe maji ya kunywa kama mgeni yeyote. Mwambie umezeeka, umesahau majina. Utakuwa umesema uongo, nami nitaubeba mbele za Mungu.

Lakini ninyi kwa ninyi, nyumbani, msiache kumtaja Kukhu. Nisingependa wezi watuchukulie hata hilo. Mtoto wa kike atakayezaliwa kwa Naliaka, mkiona inafaa, mpeni jina lake.

Nisalimie Naliaka, binti yako muuguzi, na umwambie mjomba wake anajivunia ile sare nyeupe. Nisalimie shemeji Wanjala, mumeo, na umwambie redio niliyomwahidi nimeinunua, itakuja na mtu. Nisalimie mdogo wetu Simiyu, fundi wa baiskeli, pale alipo Kitale, lakini kwa sasa asiingie saiba yoyote mjini, kwa maana nadhani ni katika barua zake kwangu walikoipata anwani yangu na kwako; aniandikie kwa kalamu. Na ukipata mtu wa kwenda huko, mfikishie salamu mzee Harbans wa duka la misumari na mabati, aliyetuhifadhia cherehani ya mama wakati hatukuwa na pa kuiweka. Hakutuuliza ukoo.

Limebaki moja. Utauliza, nitamjuaje huyo mama, na yeye atanijuaje? Mavazi yanabadilika, na picha sitaki isafiri. Unalikumbuka lile jina alilokuwa akikuita Kukhu Khalayi alipokubeba mgongoni, kabla hujaanza kutembea vizuri, na ambalo ulinikataza nisilitamke mbele ya wasichana wenzako? Mama amekwenda nalo, baba amekwenda nalo. Waliokuwa wakilijua tulibaki wewe na mimi. Nimemtamkia Mwalimu mara moja tu, kwa simu ya jirani yake, akalirudia mpaka akalipata sawasawa. Halijaandikwa mahali popote duniani, hata hapa.

Kwa hiyo nenda mapema siku hiyo, uvae miwani, uketi mwisho wa benchi. Mtu atakuja kwa kuchechemea, atakuuliza hali kwanza, halafu atakuita.

Ukiitwa, itika.

Ndugu yako anayekupenda,
Wafula